Risasi ya Kuunganisha

Mwezi wa pili mwaka 2008 tulikuwa Mulanda, wilaya ya Tororo, chini ya mahema meupe. Mimi nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumevuka mpaka kama maelfu ya Wakenya wengine waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi, wengine kupitia Busia, wengine kupitia Malaba. Kwenye mstari wetu wa mahema kulikuwa na redio moja tu, na siku moja ikanyamaza. Betri zilikuwa mpya. Wazee waliigonga, wakaipuliza, wakaianika juani. Kimya.

Kesho yake akaja fundi na baiskeli, mtu wa vijiji vya pale karibu. Sanduku lake lilikuwa la mbao, na ndani hakukuwa na kifaa hata kimoja cha kuchomeka kwenye umeme. Alitoa kipande cha shaba kilichofungwa kwenye fimbo ya chuma, akakiingiza katika jiko la mama mmoja aliyekuwa anapika uji. Akasubiri. Alipokitoa alikikaribisha kwenye shavu lake, bila kugusa, akakisugua kwenye kitambaa, akagusa sehemu moja ndani ya redio. Moshi mdogo ukapanda. Redio ikaanza kukoroma, kisha ikasema.

Tarehe 28 ya mwezi uleule, redio hiyohiyo ndiyo iliyotuambia kwamba Mwai Kibaki na Raila Odinga wametia saini mapatano mbele ya Kofi Annan. Watu wazima hawakushangilia sana. Walikaa tu wakisikiliza, kama watu wanaohesabu. Mimi nilikuwa nawaza jambo la kitoto: kwamba habari yote ile, Nairobi nzima na wakubwa wake, imepita kwenye lile tone dogo la fundi ili itufikie.

Sasa mimi ni kijana ninayefanya kazi na vijana wenzangu hapa Kiryandongo, tulikoletwa kutoka Mulanda baadaye mwaka huohuo. Nawafundisha kulehemu. Wakati mwingine wafadhili wanaotutembelea huuliza ujuzi huu "umeletwa" na shirika gani. Makala hii ni jibu langu. Haukuletwa. Una historia ndefu katika mpaka ule wa Busia na Tororo.

NENO LENYEWE

Kulehemu ni kuunganisha metali mbili kwa kuyeyusha metali ya tatu katikati yao. Hiyo ya tatu inaitwa lehemu. Zile mbili haziyeyuki, hapo ndipo kulehemu kunatofautiana na kuchomelea mageti. Vijana wengi hutumia tu neno la Kiingereza. Wazee wa mpakani wana neno lingine: wanaiita risasi.

Hawajakosea. Kwa Kiswahili risasi ni ile metali laini, nzito, ya kijivu, na kwa sababu bunduki zilirusha metali hiyo, jina likahamia kwenye kinachotoka kwenye bunduki. Wengi wetu tuliosoma hapa kambini tunaijua maana ya pili tu. Wa Sudan Kusini wanaijua, wa Congo wanaijua. Mwanafunzi aliponisikia mara ya kwanza nikisema "leta risasi kidogo hapa" aliruka. Tulicheka, lakini si sana.

Lehemu ya kawaida ya kazi za umeme ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati peke yake linayeyuka kwenye nyuzi 232. Risasi peke yake inataka 327. Lakini ukichanganya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, mchanganyiko unayeyuka kwenye nyuzi 183 tu, chini ya kila mmoja wao. Siri hii ni ya zamani sana. Warumi waliziba mabomba yao ya maji kwa mchanganyiko wa namna hiyo, na mwandishi wao Plinio, aliyekufa mwaka 79, ameandika juu yake. Kwa hiyo fundi wetu wa Mulanda alikuwa anafanya kazi iliyozidi miaka 2000.

MPAKA NA DEBE

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiweka chini ya himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ulipokwisha kusogezwa na kurekebishwa, Wasamia wakajikuta huku na huku, na Wateso vilevile. Mtu alikuwa na shamba upande mmoja na mjomba upande wa pili. Mji wa Busia ukakua juu ya huo mstari: jina moja, nchi mbili.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 njia nyingine ikapita Eldoret hadi Tororo, na mwaka 1931 treni ikaingia Kampala. Reli ilipeleka pamba na kahawa pwani. Ilichorudisha ni pamoja na mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuja kwenye debe.

Debe likiisha mafuta halikutupwa. Lilichotewa maji, lilipimiwa mahindi hadi likawa kipimo chenyewe, na likizeeka kabisa lilikatwa. Ndipo ikaja ile taa ndogo ya bati ambayo Kenya tunaiita koroboi, Uganda wanaiita tadooba, Tanzania ni kibatari. Ni kopo, kifuniko, na kijibomba cha kupitishia utambi. Sehemu ngumu ni mshono: ukivuja, mafuta yanashika moto na nyumba inaenda. Kwa hiyo anayetengeneza koroboi lazima ajue kulehemu.

Kazi ya bati mijini ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa mafundi wenye asili ya India, na Mabohora walijulikana hasa kwa kazi hiyo. Vijana Waafrika walioajiriwa kupuliza moto na kushika koleo waliona, wakajifunza kwa macho, wakaondoka wakaanza kazi zao chini ya mti. Hakuna aliyepewa cheti. Ufundi ule ulienea kijiji kwa kijiji kama mbegu inayobebwa na ndege.

Kifaa chao ndicho kilekile nilichokiona Mulanda: kipande cha shaba chenye ncha, kwenye mshikio wa chuma. Kwa nini shaba? Kwa sababu inabeba joto vizuri kuliko chuma na inatoa haraka, halafu lehemu inaipenda, inajitandaza juu yake kama mafuta juu ya ngozi. Kinapashwa kwenye makaa. Fundi wa zamani hana kipimajoto. Anaangalia mwali unaoizunguka shaba: ukianza kuwa wa kijani, imefika. Akichelewa, shaba inaungua na kuwa nyeusi, lehemu haishiki tena, na lazima apige tupa upya hadi iwake kama shilingi mpya.

STIMA ILIYOPITA JUU

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa kule Jinja. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, nyaya kubwa zilikuwa zimepita Tororo kupeleka umeme Kenya. Tororo ilikuwa na kiwanda cha saruji, kilipata umeme. Lakini vijiji vilivyokuwa chini ya nyaya vilibaki na koroboi. Mzee aliyenifundisha, nitamtaja hapo mbele, alisema utotoni walidhani zile nyaya ni za kuanikia nguo za wazungu.

Huko ng'ambo chuma cha kulehemu cha umeme kilikuwepo zamani. Mjerumani Ernst Sachs alianza kuviunda kwa wingi Berlin mwaka 1921. Mwaka 1941 Mmarekani Carl Weller, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, alichoka kusubiri chuma kipate moto, akabuni kile chenye umbo la bastola kinachopata joto ndani ya sekunde chache. Zingatia: hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa redio mwenye hasira.

Na hapa kwetu ni redio iliyomtoa fundi kwenye bati. Redio za kwanza zilikuwa za valvu, kubwa kama kabati, za wenye umeme au betri kubwa. Transista iligunduliwa Marekani mwishoni mwa 1947, na katika miaka ya 1960 redio ndogo za betri zilikuwa zimeingia mpaka vijijini. Sasa mkulima wa Samia aliweza kusikiliza Kampala na Nairobi kwa jioni moja. Na redio ikiharibika, alimpelekea nani? Alimpelekea yule aliyekuwa na shaba na lehemu, mtengeneza koroboi.

Lakini transista haikuwa debe. Zile za mwanzo ziliogopa sana joto. Ukizidisha sekunde chache imekufa. Shaba nene ya kushonea debe ingeua redio yote. Mafundi wakabadilika. Walisokota waya mnene wa shaba kwenye kile chuma, wakauacha utokeze kama kidole, joto likafika ncha likiwa limepungua. Na walijifunza kubana mguu wa transista kwa koleo wakati wa kulehemu, ili joto linalopanda liishie kwenye koleo. Mbinu hiyo imo kwenye vitabu vya ufundi vya dunia nzima. Wenzetu wengine waliifikia kwa kuua transista kadhaa kwanza.

Na dawa pia ikabadilika. Metali yoyote ikipashwa inafanya kutu nyembamba, na lehemu haishiki juu ya kutu. Kwa hiyo inahitajika dawa ya kuila. Kwenye bati walitumia asidi ya chumvi iliyokwisha kulishwa zinki mpaka ikaacha kuchemka, na zinki yenyewe unaweza kuipata kwenye ganda la betri kavu iliyokwisha. Asidi inasafisha vizuri lakini haiishii hapo. Ukiiweka ndani ya redio inaendelea kula nyaya, na baada ya miezi kiungo kinakatika. Redio inataka utomvu wa msonobari, ule unaoganda kama kahawia ya kioo. Ukipata moto unasafisha, ukipoa unalala.

MAGENDO

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mjini Tororo, kama miji mingine, maduka mengi yalikuwa yao. Yaligawiwa kwa watu ambao wengi hawakujua yaliagiza nini kutoka wapi. Vifaa vikakauka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka ambao watu walikuwa wanauvuka kama kizingiti cha nyumba ukawa mpaka kweli.

Hapo ndipo magendo yalipokuwa chakula cha kila siku. Kahawa ilitoka Uganda usiku, sabuni, chumvi na sukari ziliingia. Ndiyo miaka ambayo vijana wa Busia walijulikana kwa kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na kutoka hapo dunia ikapata neno boda boda.

Mwaka 2019, nilipomaliza sekondari na kukosa pa kwenda, nilishuka Busia kujifunza kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na barabara ya soko, upande wa Uganda. Simtaji jina kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka. Aliniambia wakati ule wa magendo lehemu ilikuwa inauzwa kwa urefu wa kidole. Unanunua kidole kimoja, unakirefusha wiki nzima. Kwa hiyo walizoea kuokoa. Redio iliyokufa kabisa walipasha bodi yake juu ya makaa, wakaipiga kwenye meza mara moja, tap, lehemu yote ikamwagika chini kama mvua, na vipande vikatoka. Lehemu walikusanya. Vipande walipanga kwenye makopo.

"Sisi tulikuwa tunaitwa wezi wa magendo," alisema. "Lakini we kijana niambie, nani aliweka redio za watu zikiongea?"

Sikuwa na jibu na sidhani alitaka jibu. Vita vya 1978 na 1979 vilimtoa Amin, na watu wa Tororo wengi walizifuata habari zake kwa redio. Redio za watu wa kawaida, katika nchi isiyo na duka la vifaa, ziliendelea kusema kwa sababu ya vidole hivyo vya lehemu.

Upande wa Kenya nao mafundi wa wazi walidharauliwa muda mrefu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira Kenya, ikasema kazi hizi zisizoandikishwa si uchafu wa mji, ni uchumi. Ilichukua hadi 1985 Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi mabanda. Hapo neno jua kali likaanza kutajwa serikalini bila aibu.

NILIVYOFUNDISHWA

Somo la kwanza la mzee lilikuwa kufagia. La pili kupanga vipande. Wiki ya tatu ndipo akanipa chuma, cha umeme, wati 40. Niligusisha lehemu kwenye ncha ikayeyuka, nikaidondosha kwenye waya. Ikakaa pale kama shanga. Mzee akaipiga kwa ukucha, ikaanguka.

"Usichome lehemu. Choma kazi. Lehemu itakuja yenyewe."

Hilo ndilo somo lote, mengine ni maelezo yake. Ncha iguse waya na bodi vyote kwa pamoja, sekunde moja au mbili vipate joto. Kisha lete waya wa lehemu kutoka upande wa pili, uguse kazi, si ncha. Ikiwa kazi imepata joto, lehemu inakimbilia ndani yenyewe na kutandaa. Ondoa lehemu kwanza, halafu chuma. Halafu usitikisike. Ukitikisa kabla haijaganda unapata kiungo baridi: kinaonekana kimeshika, lakini ndani kina ufa. Kifaa kinafanya kazi leo, kesho hakifanyi, ukikipiga kinafanya. Ile redio tuliyokuwa tunaipiga Mulanda, sasa naamini, ilikuwa na kiungo baridi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi nilimwonyesha mzee, na nalisema kwa heshima. Yeye alipiga tupa ncha ya chuma kila asubuhi, kama alivyofundishwa kwenye shaba tupu. Lakini ncha za siku hizi ni shaba iliyovikwa koti jembamba la chuma, kwa sababu bati ya moto inaila shaba polepole. Ukipiga tupa unavua koti, na kwa siku chache ncha inatoboka. Alikuwa anamaliza ncha na kuwalaumu Wachina. Nikamwambia, mzee, hii tunaifuta tu kwa kitambaa chenye maji na kuiachia lehemu kidogo juu yake isishike kutu. Alinitazama kwa muda. Siku ya pili tupa ilikuwa imeingia kwenye sanduku. Hakusema kitu.

Wakati huo kazi kubwa haikuwa redio tena. Simu za mkononi ziliingia Uganda mwaka 1995, na Kenya zikawa za kila mtu baada ya 2000. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu iliyokufa ikawa benki iliyofungwa. Mteja hakusubiri wiki. Bodi zikawa ndogo, viungo vidogo kama punje ya wimbi. Na lehemu yenyewe ikabadilika: tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, na viwanda vya dunia vikafuata. Lehemu mpya ya bati, fedha na shaba inayeyuka karibu nyuzi 217. Fundi mwenye chuma dhaifu anapigana nayo, anafikiri bodi ni mbaya. Na kiungo chake kizuri hakiwaki kama cha zamani, kina rangi ya ukungu, kwa hiyo hata jicho lazima lijifunze upya.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili. Malori sasa yanakaguliwa mara moja. Kwa fundi maana yake ni kwamba lehemu haiuzwi tena kwa kidole. Inauzwa kwa roli, na chuma kimetoka China, na kijana anaweza kuanza kazi kwa pesa ya kuku wawili.

KUHUSU MOSHI NA MIKONO

Hapa nasimama kidogo kwa sababu ya wanafunzi wangu. Mzee alikuwa anashika lehemu kwa meno mikono ikijaa. Tuliifanya sote. Ni vibaya sana.

Risasi ni sumu ya ubongo, na zaidi kwa watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Phyllis Omido alianza kupigana baada ya mtoto wake kuugua, akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe. Sisi hatuyeyushi betri, na joto la chuma cha kulehemu halitoshi kufanya risasi iwe mvuke wa maana. Moshi unaouona ni wa ile dawa ya utomvu. Unawasha macho na kifua, unaweza kuleta pumu, basi fanya kazi penye upepo na usiinamishe uso juu yake. Risasi yenyewe inaingia kwa njia nyingine: kutoka kidoleni kwenda mdomoni. Kwa hiyo sheria yetu ni fupi. Hakuna kula mezani. Kila mtu ananawa kwa sabuni kabla hajamshika mtoto wala chapati. Na ile mbinu ya kupasha bodi juu ya makaa tumeiacha, kwa sababu moshi wa bodi inayoungua ni sumu kweli, na jiko hilo jioni linapikia watu.

TAA ILIYOKUFA

Sasa nifike ninapotaka kufika. Nenda nyumba yoyote hapa kambini, angalia juu ya ukuta au chini ya kitanda. Utakuta taa ya sola isiyowaka. Mbili, wakati mwingine tatu. Zilitolewa kwa nia njema, ziliwaka mwaka mmoja au miwili, zikazima. Kisha zikaletwa nyingine.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2018 watafiti Jamie Cross na Declan Murray wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliandika juu ya vifaa vya sola vilivyoharibika Kenya, wakaonyesha kwamba watu wengi hawavitupi. Wanaviweka. Mimi naelewa kwa nini. Bibi yangu aliweka debe.

Nimefungua taa hizi nyingi. Mara nyingi ugonjwa ni mmoja kati ya mitatu: waya umekatika pale unapoingia kwenye swichi, tundu la kuchajia limelegea kutoka kwenye bodi, au betri imechoka. Miwili ya kwanza ni tone moja la lehemu. Wa tatu ni betri mpya, na hapo naonya: usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu, inaweza kulipuka, lehemu kwenye vile vibati vyake. Kikwazo kikubwa huwa ni ganda. Kuna taa zilizogandishwa kwa gundi, bila skrubu hata moja, kana kwamba aliyeziunda alikuwa na hakika hakuna fundi upande huu wa dunia. Shirika moja lililotugawia hizo, nilipouliza nani atazitengeneza, niliambiwa zina dhamana. Dhamana ilikuwa karatasi ya Kiingereza na namba ya simu iliyokuwa haipatikani.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili, siwaombi taa zaidi. Kabla hamjaagiza, geuza taa moja uangalie mgongo wake. Kama haina skrubu, rudisha. Nunua kidogo, na bei ya taa kumi tu weka kwenye vyuma vya kulehemu vya volti 12. Hivyo vinatumia betri ya gari na sola tulizo nazo, havingoji stima. Roli moja ya lehemu inatosha viungo vingi kuliko nitakavyoweza kuhesabu.

Na wakazi wenzangu, hasa wazazi: mnaposema mtoto "anachezea nyaya" badala ya kusoma, kumbukeni nani alitunza sauti ya redio wakati wa Amin, na nani aliifufua ile ya Mulanda. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kinaharibika, na lazima awepo mtu wa kukiunda tena.

Mwaka jana msichana mmoja darasani, ametoka Sudan Kusini, alilehemu kiungo chake cha kwanza kwenye taa ya mama yake. Aliniuliza hiyo metali inaitwaje. Nikasita, kisha nikamwambia: risasi. Akaniangalia kuhakikisha sitanii. Akaigusa kwa ukucha, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha. Haikuanguka. Akabonyeza swichi.

Tupo kila Jumamosi saa nane mchana, chini ya mwembe nyuma ya jengo la vijana. Njoo na taa iliyokufa. Njoo na kitambaa pia, cha kufutia ncha.